Shajara ya mradi: humerasi ya Giraffatitan, sm 213, kwa stairofomu na faiba

Februari. Kazi yenyewe na namba zake

Kinachotengenezwa ni nakala ya ukubwa kamili ya humerasi ya dinosaria Giraffatitan brancai, yaani mfupa wa mkono wa juu, kutoka bega hadi kiwiko. Itasimama kwenye chumba cha maonyesho cha shule moja ya sekondari mkoani Lindi, mkoa huohuo ulikochimbwa mfupa halisi. Wenyewe uko Berlin, Ujerumani, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, katika kiunzi kilichosimamishwa mwaka 1937 na kupangwa upya mwaka 2007. Kwa mpangilio wa sasa kichwa cha kiunzi kile kiko mita 13.27 kutoka sakafuni.

Kuna namba mbili zisizojadiliwa. Ya kwanza ni urefu, sm 213. Ya pili ni mzingo wa mfupa pale unapokuwa mwembamba kuliko pote, mm 654. Sehemu nyingine inaweza kuzidi au kupungua sentimita moja na hakuna atakayedhurika, lakini hizi mbili ndizo wanafunzi watakazozipima kwa tepu ya fundi cherehani, na ya pili ndiyo itakayowapa uzito wa mnyama mzima.

Kanuni inayotumika ni ya mtafiti Anderson na wenzake, ya mwaka 1985. Unajumlisha mzingo wa humerasi na mzingo wa mfupa wa paja kwa milimita, unapandisha jumla kwa kipeo cha 2.73, unazidisha kwa 0.078, unapata uzito kwa gramu. Paja la Giraffatitan lina mzingo wa mm 730. Kwa hiyo 654 na 730 ni 1,384, na jibu ni tani 29 na kitu. Sasa tazama kosa linavyokua: nakala ikinenepa mm 31 tu na kufika 685, mnyama anaongezeka karibu tani 2. Ndiyo maana nusu ya shajara hii inahusu unene wa gamba la faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini) litakaloifunika stairofomu.

Picha za kufanyia kazi lazima ziwe zimepigwa kutoka mbali, mfupa ukiwa sambamba na kamera, na rula iwe kwenye usawa wa mfupa. Picha iliyopigwa kwa karibu hukuza ncha iliyo jirani na lenzi, na kosa hilo halionekani mpaka umalize kuchonga. Rula iliyolazwa chini ilhali mfupa umeinuliwa juu ya meza nayo inadanganya.

Tunachonga wa kulia. Picha ikigeuzwa kwenye kompyuta, wa kulia huwa wa kushoto na hakuna anayeshtuka, kwa hiyo kila karatasi ya mchoro imeandikwa ukaguzi huu: ukiutazama mfupa kwa mbele kana kwamba mnyama anakukabili, ukingo uliosimama wa kushikia misuli ya kifua na bega uko upande wako wa kushoto, katika sehemu ya juu ya mfupa, na kile kichwa cha mviringo kinachoingia begani kimeelemea kulia kwako. Visipokaa hivyo, umeshika picha iliyogeuzwa.

Machi. Mhimili na matofali ya stairofomu

Mhimili ni bomba la mraba la mm 40 kwa 40, unene wa chuma mm 3, urefu wa mita 3 kasoro kidogo ili libaki la kutosha la kuingia kwenye kitako. La mraba linafaa kuliko la duara kwa sababu moja: mtoto akiukumbatia mfupa na kuuzungusha, bomba la duara litazunguka ndani ya stairofomu na kuisaga iwe unga. Hata hivyo, kila sm 30 imechomelewa kipande cha nondo ya mm 8 kilichokatiza, urefu sm 12, kishike. Sehemu nyembamba ya mfupa si duara. Ni bapa kiasi, pana kutoka kushoto kwenda kulia na nyembamba kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo pale nondo zimelazwa kufuata upana.

Chuma chote kimepigwa rangi ya kuzuia kutu kabla hakijafunikwa. Hewa ya pwani haisubiri. Kutu ikianza ndani ya gamba la faiba, huioni. Unachokiona baada ya miaka ni ufa unaotoa maji ya kahawia.

Stairofomu ni ile nyeupe inayofungashiwa friji, ila iliyonunuliwa kama mbao za unene wa mm 50. Uzani wake ni kama kg 20 kwa mita moja ya ujazo. Zimelazwa tabaka sita kufikia sm 30, na maungio ya tabaka moja hayakai juu ya maungio ya tabaka lingine. Gundi ndiyo inayowashinda wengi. Gundi ya viatu na zote zenye harufu kali huiyeyusha stairofomu papo hapo na kuacha shimo. Gundi nyeupe ya mbao haiiyeyushi, lakini kati ya mbao mbili pana hewa haipiti, na katikati hubaki mbichi hata wiki. Tunaipaka kwa mistari yenye nafasi, siyo kwa kufunika eneo lote, tunachoma vijiti vya mishikaki kushikilia tabaka, kisha tunaweka uzito juu. Siku ya kuchonga, msumeno ukipita kwenye gundi iliyolundikana unakwama na kung'oa punje za pembeni, sababu nyingine ya kutomwaga gundi ovyo.

Mchoro umehamishwa kwa miraba ya sm 5: mbele kwanza, halafu ubavu. Unakata umbo la mbele lote, unarudishia vipande ulivyokata kwa vijiti ili tofali libaki na nyuso bapa, ndipo unachora ubavu na kukata tena. Ukiruka hatua ya kurudishia, hakuna mahali pa kuchora ubavu.

Machi, mwishoni. Kuchonga

Vifaa: msumeno wa mkono, kisu kirefu chenye makali mapya, tupa ya mbao, msasa namba 60 halafu 100. Waya wa moto unakata vizuri na kwa haraka, lakini moshi wake una stairini, kemikali yenye madhara ukiivuta. Unatumika nje, upepo ukiwa mgongoni.

Umbo la mfupa ukikatwa kwa upana linakaguliwa kwa vipande vya kadibodi vilivyokatwa kinyume, kama nusu ya tundu ambamo mfupa unatakiwa kukaa. Tumeviweka mahali patano: karibu na ncha ya juu, katikati ya ule ukingo wa misuli, kiunoni (pale mfupa ulipo mwembamba kuliko pote), juu kidogo ya kiwiko, na kwenye ncha ya chini. Uso wa mbele wa sehemu ya juu una bonde pana, lenye kina, na jicho la mchongaji huwa linaogopa kulichimba vya kutosha. Humerasi nyingi za maonyesho zinafanana na kinoo kwa sababu hiyo.

Kiuno kimechongwa mpaka mm 623, si 654. Hesabu ni hii: juu ya stairofomu litakaa tabaka la kinga mm 1, faiba mm 2, na ute wa kuchorea uso mm 2. Jumla mm 5. Umbo lolote lisilo na bonde, ukiliongezea unene sawa pande zote, mzingo wake unaongezeka mara 6.28 ya unene huo, liwe duara au bapa. Mara 5, ni mm 31. Kwa urefu hesabu ni nyepesi zaidi: mm 5 juu na mm 5 chini, stairofomu inachongwa sm 212.

Ncha mbili zimeachwa bila kusawazishwa. Mifupa ya mikono na miguu ya sauropodi, kundi la dinosaria wenye shingo ndefu alimo huyu, huisha kwa uso wenye mashimo na vinundu kwa sababu mnyama akiwa hai palifunikwa na gegedu nene, ambayo haikugeuka kuwa jiwe. Ncha laini kama ya mfupa wa ng'ombe ni kosa, hata kama inapendeza.

Aprili. Kinga, na kusubiri jua

Resini ya poliesta, ile ya mafundi wa boti na bodi za magari, ina stairini ndani yake, na stairini huyeyusha stairofomu. Resini ya epoksi haiyeyushi, lakini bei yake ni mara kadhaa na madukani haipatikani kila siku. Tumebaki na poliesta na kuweka kinga kati yake na stairofomu.

Kinga ni puti ya ukuta iliyokorogwa kwa gundi nyeupe badala ya maji matupu: sehemu tatu za unga wa puti kwa sehemu moja ya gundi, maji yanaongezwa kidogokidogo mpaka iwe uzito wa uji wa mtoto. Mipako miwili myembamba, wa pili ukipakwa kwa mwelekeo unaokatiza wa kwanza. Mpako mmoja mnene hupasuka ukikauka, na nyufa zake ni nyembamba kuliko unywele, lakini zinaitosha resini.

Mtihani wa kipande cha pembeni unaonyesha hatari yenyewe. Ukitoboa kinga kwa ncha ya pini na kumwaga resini juu, kwa nje unabaki uso mzuri, mgumu, usio na dosari. Ukikata katikati unakuta pango la ukubwa wa yai. Kwenye mfupa wenyewe pango hilo hutambulika kwa kugonga kwa kifundo cha kidole: penye stairofomu sauti ni nzito, penye pango inalia kama ngoma. Dawa yake ni kukata dirisha, kujaza povu la makopo, kuziba tena. Afadhali kutumia kurunzi iliyolazwa ubavuni mwa mfupa chumba kikiwa giza, kutafuta tundu lolote kabla ya resini.

Mvua za Aprili ziliirefusha hatua hii. Puti ikiwa na unyevu, resini juu yake hubaki laini kama ufizi au hufanya malengelenge. Kipimo: bandika karatasi ya nailoni ya sm 30 kwa 30, funga kingo zote kwa gundi ya karatasi, ilale usiku kucha. Asubuhi kukiwa na ukungu ndani, bado. Mei nzima ilipita bila kitu cha kuandika zaidi ya hicho.

Juni. Faiba

Eneo la uso ni kama mita za mraba 2.3. Mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka mbili, ni kg 2 na ziada; resini ni mara mbili na nusu ya uzito wa mkeka, yaani kg 5 na ushei. Kila tabaka hutoa unene wa karibu mm 1. Pamoja na ute wa uso, kilo 10 za resini zinatosha na kubaki.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama resini imeshatiwa kobalti, kemikali inayoiwezesha hadina (kigandishi cha resini) kufanya kazi. Isiyotiwa haigandi hata ukimwaga hadina ya chupa nzima. Ikiwa haijatiwa, kobalti inakorogwa kwenye resini kwanza, mpaka ipotee kabisa, ndipo hadina inafuata. Kobalti na hadina zisikutane zenyewe kwa zenyewe hata tone, wala zisitumie kijiko kimoja: zinawaka au kulipuka. Tumeviweka vyumba tofauti.

Hadina inapimwa, haikisiwi kwa kifuniko. Kwa joto la nyuzi 30, asilimia 1 ya uzito wa resini. Asubuhi ya kipupwe, nyuzi 23 hivi, asilimia 1.5. Bomba la sindano la duka la dawa linatosha kupimia. Tunakoroga gramu 300 kwa mara moja, si zaidi, kwa sababu resini hujipasha moto inapoganda, na ikiwa nyingi ndani ya kopo joto halina pa kutokea: linatoa moshi, kopo la plastiki linalegea, na kilichobaki ni gogo. Gramu hizo 300 zina robo saa hivi ya kufanyiwa kazi.

Mkeka haukatwi kwa mkasi, unachanwa kwa mkono vipande vya kama sm 20. Ukingo uliochanwa una nyuzi zilizolegea zinazojichanganya na jirani yake, ilhali ukingo wa mkasi huacha ngazi ambayo utaisugua siku nzima. Paka resini kwanza, laza kipande, gotagota kwa brashi ngumu mpaka weupe wa mkeka upotee. Weupe ni hewa. Brashi haivutwi kama ya rangi, la sivyo kipande kinafuata mkono. Kwenye bonde la sehemu ya juu mkeka hupenda kujiinua na kuacha upenyo chini yake. Pale tumetumia vipande vya sm 8, na nailoni iliyokandamizwa kwa mfuko wa mchanga mpaka igande.

Uso wa resini ukibaki unanata siku ya pili si kwamba imeharibika. Hewa huzuia ngozi ya juu kuganda, na hiyo ni faida kwa tabaka linalofuata kwa kuwa linashika vizuri. Tabaka la mwisho ndilo linafutwa kwa asetoni kabla ya msasa.

Glavu, barakoa ya vichujio vya kemikali (ya kitambaa haizuii mvuke), mikono mirefu. Vumbi la faiba huondoka mwilini kwa maji baridi. Ya moto huzidisha kuwashwa.

Kipimo cha kiuno baada ya faiba: mm 641. Hesabu ilitaka 642. Tunaendelea.

Julai. Uso na rangi

Ute wa uso ni resini na unga wa talki kwa uzito sawa, hadina ikihesabiwa kwa resini peke yake. Unapakwa kwa kisu cha puti, na ukianza kukaza kama siagi ya baridi unachorwa. Kwenye ncha, karatasi ya alumini iliyofinyangwa inagandamizwa na kuzungushwa kidogo. Inatoa mashimo ya kina tofauti, ambayo sponji haiwezi. Kwenye shina, michirizi myembamba inayofuata urefu wa mfupa, kwa brashi ya waya, kwa mkono mwepesi.

Kuhusu nyufa kulikuwa na ubishi. Visukuku vya Tendaguru, kilima kilipochimbwa mfupa huu, vimekaa ardhini takriban miaka milioni 150 na vimebanwa, vimepasuka, vimeungwa. Kuweka nyufa kila mahali kunafanya nakala ionekane ya kale, lakini ni urembo, na mwanafunzi anayeangalia kwa makini atadhani ufa wa kubuni ni sehemu ya mfupa. Uamuzi: ufa unawekwa pale tu unapoonekana wazi kwenye picha, kina kisichozidi mm 1. Kiunoni hakuna ufa wala kinundu, tepu ipite.

Rangi ya chini ni kahawia ya udongo iliyotiwa kijivu. Juu yake kahawia nzito iliyozimuliwa sana, inapakwa na kufutwa hapohapo kwa kitambaa, ibaki mashimoni tu. Halafu vanishi ya poliyurethane isiyong'aa, mipako miwili kote na mitatu kiunoni, kwa kuwa tepu na viganja vitapita hapo kila siku ya masomo.

Kiuno sasa ni mm 655. Urefu sm 213.1.

Agosti. Kitako na bango

Nakala nzima na bomba lake ni kama kilo 30. Hatari si uzito wa kuangukia mtu, ni urahisi wa kusukumwa. Kijana akiegemea kwa nguvu ya kilo 30 kwenye kimo cha mita 1.5, kitako cha upana wa mita 1 kinahitaji angalau kilo 90 ili kisinyanyuke, bila kuhesabu wenzake wanaomsaidia. Zege la mita 1 kwa mita 1, unene sm 10, ni kilo 240 na linatosha, lakini lazima limwagwe mahali pake. Sakafu ya chumba ni imara, hivyo tumechagua bamba la chuma la mm 8 na boliti nne za mm 12 za kupanuka, zilizozama sm 8.

Bango limechukua muda mrefu kuliko kitako. Neno la kwanza ni NAKALA, kwa herufi kubwa kuliko jina la mnyama, na mstari wa pili unasema mfupa halisi uko wapi. Jina: Werner Janensch, mtafiti wa Kijerumani, alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914; mwaka 2009 Michael Taylor aliorodhesha tofauti 26 kati ya mifupa hii na ya Brachiosaurus wa Marekani, na tangu hapo Giraffatitan ndilo linalotumika zaidi. Vitabu vya shule bado vina lile la zamani, kwa hiyo yote mawili yameandikwa.

Historia imebanwa aya moja. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler alitoa taarifa ya mifupa mikubwa Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck, ulichimba huko kwa nguvu za mamia ya vibarua wa Kiafrika, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na kubebwa kwa vichwa na mabega siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Jina la Boheti liko kwenye dinosaria mwingine wa kilima hicho, Australodocus bohetii, aliyepewa jina mwaka 2007, na kwenye bango letu liko kwenye mstari mmoja na Janensch, kwa ukubwa uleule wa herufi.

Chini kabisa ni jedwali la uzito, kwa sababu kipeo cha 2.73 hakifanyiki kichwani. Mzingo wa paja umeshikiliwa 730. Humerasi ikipimwa 640, mnyama ni tani 28.5; 654, tani 29.3; 670, tani 30.3; 685, tani 31.2. Pembeni yake yamewekwa makadirio mengine mawili ili jedwali lisichukuliwe kama mizani: Colbert, mwaka 1962, alizamisha kinyago kidogo cha mnyama mzima kwenye mchanga, akapata tani 78; Taylor, mwaka 2009, kwa kuhesabu ujazo wa mwili, akapata tani 23. Kinyago cha Colbert kilikuwa kinene mno. Kipimo cha mfupa nacho kina udhaifu wake: kanuni imetokana na wanyama walio hai wa miguu minne, na hakuna hata mmoja anayekaribia ukubwa huu.

Kona ya kulia ya bango inaeleza la kufanya ukikuta kisukuku shambani: kiache kilipo, piga picha ukiwa umeweka kitu cha kulinganishia ukubwa, toa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale kupitia serikali ya kijiji. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuchimba kunahitaji kibali.

Septemba. Kilichobaki

Boliti zimekazwa, zitakaguliwa tena baada ya mwezi. Tepu ya kitambaa iliyowekwa kwanza imeondolewa: ikivutwavutwa inarefuka na kusoma pungufu. Imewekwa ya faiba, imefungwa kwa mnyororo, na alama mbili ndogo zimechorwa mbele na nyuma ya kiuno zionyeshe pa kuipitisha, maana tepu ikiinama kidogo tu mzingo unaongezeka.

Inayofuata ni mifupa miwili ya mkono wa chini, ulna, sm 130, na radiasi, sm 124, ikae chini ya humerasi kwenye ukuta wa pembeni kama mchongo uliochomoza ukutani, nusu unene, bila mhimili wa chuma. Resini iliyobaki ni kama kilo 2. Kopo limefungwa, liko kivulini, na litajaribiwa kwa gramu 50 kabla ya kutumika, kwa sababu kwa joto la Lindi huanza kuganda yenyewe kopo likiwa halijaguswa.